Kuipasua namba kubwa kwa kalamu: 870,408

Namba hii nimeitoa kwenye risiti ya gunia la dagaa nililonunua Kibirizi. Jioni nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Kigoma, na mifano ya kitabuni vijana wangu wameshaikariri. Ya risiti hawaijui. Kuipasua ni kuiandika kama zao la namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Chukua karatasi, simu weka kando kwanza.

Hatua ya 1: anzia mkiani

Tarakimu tatu za mwisho ni 408, yaani 8 × 51. Kwa kuwa 1,000 inagawanyika kwa 8, zinazotangulia hazitusumbui: namba nzima inagawanyika kwa 8. Unapata 108,801. Hiyo ni witiri, basi 2 tumemalizana nayo.

Hatua ya 2: jumlisha tarakimu

8+7+0+4+0+8 = 27. Inagawanyika kwa 9, na 870,408 pia. Hapo hakosi wa kudakia: "Mwalimu, basi na kwa 27!" Hapana. 10, 100 na 1,000 ukizigawa kwa 9 zote hubakiza 1, ndiyo maana ujanja huu unakubali. Kwa 27, 10 inabaki 10 ileile. Jaribu mwenyewe: 870,408 kwa 27 inabakiza 9.

108,801 ÷ 9 = 12,089.

Hatua ya 3: 7, 11 na 13 kwa mkupuo

Hii ndiyo ninayoipenda, na sijui kwa nini madarasani inapitwa. 7 × 11 × 13 = 1,001. Rudi kwenye namba yetu, ikate penye mkato: 870 na 408. Toa: 462.

Sasa ipime hiyo 462 peke yake. Ni 7 × 66. Ni 11 × 42. Kwa 13 inabaki 7. Kwa hiyo 7 na 11 zimo, 13 haimo. Siri yake ni kwamba elfu 870 ni sawa na 870 × 1,001 kasoro 870. Sehemu ya 1,001 inagawanyika kwa zote tatu, kinachobaki kupimwa ni tofauti tu. Namba ikiwa ya mamilioni, kata tatutatu kutoka kulia, kisha toa na jumlisha kwa kupokezana.

12,089 ÷ 7 = 1,727, na 1,727 ÷ 11 = 157.

Hatua ya 4: je, 157 ni tasa?

13 × 13 = 169, imeshapita. Pima 2, 3, 5, 7 na 11 tu. Zote zinabakiza. Ni tasa.

870,408 = 2³ × 3² × 7 × 11 × 157

Hatua ya 5: hesabu vigawo

Ongeza 1 kwenye kila kipeo, uzidishe: 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = 96. Angalia kipeo cha 1 kisichoandikwa. Wengi huanguka hapo.

Mraba kamili? Si lazima hata upasue: inaishia na 8, na hakuna mraba unaoishia na 8. Ukitaka iwe mraba, zile zenye vipeo witiri zipe wenza: zidisha kwa 2 × 7 × 11 × 157, yaani 24,178. Kipeuo cha pili cha jibu ni 145,068. Sasa unaweza kuchukua simu uhakikishe.