Siki ya maji ya nazi: hewa kwa zamu

Pemba, nazi zikivunjwa kwa ajili ya mbata (nazi iliyokaushwa), maji yake humwagwa chini. Ni hasara, kwani nazi 25 hadi 30 zilizokomaa hutoa karibu lita 4, na hiyo ni siki ya kutumia miezi kadhaa. Yakinge kwenye ndoo safi na uyashughulikie siku hiyo hiyo, yakilala, yanachacha.

Maji hayo yana sukari kidogo, kwa hiyo yenyewe hutoa siki dhaifu. Yachuje kwa bafta, tia sukari gramu 450, chemsha dakika 10 kwenye sufuria isiyo ya aluminiamu wala shaba. Yakiwa vuguvugu, yasiyochoma kidole, tia nusu kijiko cha chai cha hamira kavu. Hamira hugeuza sukari kuwa kileo bila kuhitaji hewa, basi funika, ila usikaze kifuniko, gesi ipate kutoka. Siku 5 hadi 7 povu hutulia na utamu huisha. (Mwenye shaka na hukumu ya hatua hii amuulize shekhe kabla ya kuanza.)

Sasa ndiyo zamu ya hewa, na hapa ndipo wengi huharibu. Bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki hawafanyi kazi bila oksijeni. Mimina taratibu, uache mashapo chini, ongeza lita 1 ya siki hai, yaani yenye bakteria hao bado wazima, kisha gawa kwenye ndoo mbili pana za lita 5, kila moja ijae nusu tu. Funga kwa bafta mbili juu ya nyingine. Vidudu vya matunda hupenya kitambaa kilicholegea. Siki ya dukani aghalabu haina bakteria hai. Omba kwa anayetengeneza mwenyewe.

Baada ya siku chache utaona utando mwembamba, wa kijivu, laini kama utando wa juu ya uji uliopoa. Huo ndio utando wa bakteria wa siki, usiutikise. Utando mkavu, mweupe, wenye mikunjo, ni hamira ya mwitu: uengue mapema. Ukungu wa kijani au mweusi, mwaga yote. Harufu kali ya dawa ya kufutia rangi ya kucha huonyesha hewa haitoshi au kileo kimezidi.

Kule Zhenjiang, China, mchele unaonata uliokwisha chachishwa huchanganywa na pumba na makapi, ukapinduliwa kila siku ili hewa iingie, na mbegu, yaani bakteria wa kuanzishia, huchukuliwa kwenye rundo lililotangulia. Bakteria wa maziwa ya mgando nao humo hushiriki, ndiyo maana siki ile ina ulaini. Yetu ni ya majimaji, haipinduliwi.

Ionje kuanzia wiki ya 3. Ukali ukishatimia na harufu ya kileo kuisha, usichelewe: bakteria wakikosa kileo huanza kuila siki yenyewe, ikapooza. Ipashe moto nyuzi 70 za Selsiasi kwa dakika 10, jaza chupa mpaka shingoni, ziba. Achari ya kuweka muda mrefu isubiri hadi ukali upimwe, usipungue asilimia 5. Kabla ya kupasha, tenga lita 1 iwe mbegu ya ndoo zijazo.