Kabla hujalipia GMAT, toa transkripti yako kabatini

Mwezi haupiti bila mtu kuniuliza kuhusu GMAT, ule mtihani wa kuombea uzamili wa biashara: "Kaka, GMAT nalipia wapi?" Nami humuuliza: "GPA yako ngapi?" Wengi hukaa kimya. Basi tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Soma transkripti, uone GPA yako, yaani wastani wa alama zako za chuo. Kwenye mizani ya 5 ya vyuo vyetu, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini. Ukiwa chini ya 2.7 mlango wa uzamili unabana, na wengi huanza na stashahada ya uzamili kwanza. Kama shahada uliipata nje ya nchi, peleka maombi ya utambuzi TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) mapema, usingoje wiki ya mwisho ya udahili.

Hatua ya 2: Amua unaomba wapi. Kwa walioomba Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) au Mzumbe kampasi ya Dar kupitia kwangu, kilichowachuja ni GPA na vyeti; sijaona aliyedaiwa GMAT. Ukilenga INSEAD, chuo cha biashara kule Ufaransa, hapo utahitaji GMAT au mtihani mwenzake, GRE, na miaka kadhaa ya kazi. Matokeo ya mitihani hiyo miwili hudumu miaka 5, ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, miaka 2 tu. Kwa hiyo usianze na IELTS.

Hatua ya 3: Jisajili GMAT kwa majina ya pasipoti, herufi kwa herufi. Mimi niliandika Hamisi kama mtaani wanavyoniita, pasipoti inasema Khamis. Nilirudishwa mlangoni, ada ikaenda na maji.

Hatua ya 4: Chagua kitabu. Hapa ndipo watu wanapopoteza miezi. Vitabu vya mtumba vinavyopangwa chini pale Posta ni rahisi, lakini vingi ni vya GMAT ya zamani iliyozikwa Januari 2024. Mtihani wa sasa hauna insha, hauna kusahihisha sarufi, hauna jiometria. Una sehemu 3 za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, ufahamu na hoja 23, uchambuzi wa data 20. Kikokotoo unapewa kwenye data tu, kwa hiyo rudia asilimia na uwiano kwa kalamu, kama mama ntilie anavyopiga chenji kichwani. Alama ni 205 hadi 805, na zote huishia na 5. Ukimsikia mtu akijisifu kwa 700, huyo ni wa zamani. Kiwango chake leo ni kama 645.

Kila unapojipima nyumbani, weka saa. Ukikwama kwenye swali, kisia, liwekee alama, songa mbele. Mwisho wa sehemu unaruhusiwa kurudi na kubadili majibu 3. Swali lisilofikiwa linakukata zaidi ya lililokosewa.

Hatua ya 5: Chagua pa kufanyia. Kuufanya nyumbani kunaruhusiwa, lakini kwa Dar mimi sishauri sana: umeme, intaneti, na jirani mwenye spika. Ukilazimika, jaza luku, chaji kompyuta, weka bando la akiba, na watoto wa nyumba wahamie kwa shangazi. Mtu akiingia chumbani tu, msimamizi anaweza kukusimamisha.