Kabla ya kumchunga mfanyakazi, chunga faili

Wenye biashara wengi huniita kwa ombi moja: "Nataka programu ya kuona vijana wangu wanafanya nini kwenye kompyuta." Nami huwauliza: leo hii, nani anaweza kufungua orodha ya wateja wako wote, akainakili kwenye flashi na kuondoka nayo? Jibu huwa "kila mtu". Basi kazi ianzie hapo. Programu ya kurekodi skrini haimzuii mtu kubeba faili. Itakuonyesha tu alivyolibeba, tena ukipata muda wa kukaa kuitazama.

Chukua karatasi. Upande mmoja orodhesha vitu vyenye thamani: rekodi za wateja, mishahara, mikataba, hesabu. Upande wa pili andika majina ya wanaovifikia. Kwa kila jina jiulize kama kazi yake inahitaji kitu hicho kweli. Wa mapokezi hana haja na folda ya mishahara. Mhasibu anayo haja, ila haki za msimamizi wa mfumo si zake. Punguza ruhusa bila kuona haya. Anayeihitaji atakuja kuiomba.

Akaunti ya pamoja ivunje leo. Namsema yule "mauzo" ambaye paswedi yake imebandikwa chini ya kibodi na idara nzima inamtumia. Siku faili likifutwa, kumbukumbu za mfumo (daftari ambamo kompyuta huandika nani kafanya nini na lini) zitakuambia kwamba "mauzo" amelifuta saa 11:12 jioni. Mauzo ni nani? Hapo hata wakili hodari hana pa kushika. Kila mtu awe na jina lake, paswedi yake na uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi athibitishe tena, mfano kwa namba inayotumwa kwenye simu yake.

Mtu akiacha kazi, sitisha akaunti yake kabla hajafika mlangoni, lakini usiifute, maana huenda ukaihitaji kama ushahidi. Watu wengi hubadilisha paswedi wakadhani wamemaliza. Ingia kwenye mipangilio ya barua pepe yake uangalie sehemu ya kupeleka nakala kwa anwani nyingine: mpangilio huo ukiwapo, barua za wateja zitaendelea kumfikia nyumbani, paswedi mpya au la. Kisha mwondoe kwenye vikundi vya kazi vya simu, kitu ambacho hakuna anayekikumbuka.

Sasa ufuatiliaji. Fuatilia faili nyeti kwanza. Kwenye Windows, kurekodi nani kagusa folda fulani hakuji kwenyewe. Lazima ukuwashe na uchague folda. Chagua chache, la sivyo utazama kwenye maelfu ya mistari isiyosomeka. Katika kumbukumbu za Windows kila aina ya tukio ina namba yake: 4625 ni jaribio la kuingia lililoshindikana, na 4663 ni faili kuguswa. Namba ninayoiogopa ni 1102: kuna mtu amefuta kumbukumbu zenyewe za usalama. Kwa hiyo nakala zake zipelekwe kwenye seva nyingine ambayo msimamizi huyohuyo hawezi kuigusa. (Ndiyo, hata mtu wa kompyuta afuatiliwe, nami nikiwemo.)

Ukitaka kwenda mbali zaidi, ukasoma mawasiliano ya kazini, waambie wafanyakazi mapema na kwa maandishi: unakusanya nini, kwa sababu gani, nani anaona, utakaa nayo muda gani. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa ushindi Bărbulescu, Mromania aliyefukuzwa kazi baada ya mwajiri kufuatilia ujumbe wake. Hoja moja nzito ilikuwa kwamba mahakama za kwao hazikuhakikisha kama aliarifiwa mapema kuhusu aina na kina cha ufuatiliaji huo.

Programu za kunasa kila kibonyezo cha kibodi mimi siziweki kwenye kompyuta ya mtu, mteja anilipe asinilipe. Zinanasa paswedi ya benki ya mfanyakazi na ujumbe wake kwa daktari, na tangu dakika hiyo siri hizo ni mzigo wako. Waulize H&M, kampuni ya maduka ya nguo. Katika kituo chao kimoja Ujerumani, mameneja walikuwa wakiandika habari za magonjwa na familia za wafanyakazi. Mwaka 2019 kosa la mipangilio likaziacha wazi kwa kampuni nzima kwa saa kadhaa, na mwaka uliofuata wakatozwa faini ya zaidi ya euro milioni 35.

Ukishuku mtu ametumia kompyuta vibaya, usiiwashe "kuchungulia kidogo". Kila faili unalofungua linaweza kubadilisha tarehe zake, na ushahidi unaanza kukuponyoka. Kama inawaka, iondoe kwenye mtandao, iache ilivyo, andika nani kaishika na saa ngapi, kisha mwite mtaalamu atoe nakala kamili ya diski na achunguze nakala hiyo. Kama data za wateja zimevuja, ulizia sheria ya kwenu inataka nini. Ile ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida inakupa saa 72 kuiarifu mamlaka tangu ulipojua. Na ukikuta barua pepe binafsi ya mfanyakazi imeachwa wazi kwenye kompyuta ya kampuni, ifunge. Kompyuta ni yako, sanduku lile la barua si lako, na kulipekua bila idhini kunaweza kukufanya wewe ndiye mshtakiwa.