Dada anayeanzisha kampuni ya teknolojia Marekani: karatasi kwanza, programu baadaye

Wengi hutengeneza programu kwanza, karatasi zikafuata. Marekani mpangilio huo huwaumiza wahamiaji, kwa sababu kosa la mwezi wa kwanza huibuka baadaye sana, mwekezaji anapopekua majalada.

Anza na viza. Mwenye H-1B, viza ya kazi za kitaalamu inayoombwa na mwajiri, anaweza kumiliki hisa, lakini kuiandikia kampuni yake programu au kuitafutia wateja, hata bila mshahara, kunaweza kuhesabiwa kazi bila kibali mpaka kampuni yenyewe imwombee H-1B. Tangu Januari 17, 2025 kanuni zinamtambua waziwazi mwombewa anayemiliki kampuni, ila akiwa na hisa za kuidhibiti, kibali cha kwanza na nyongeza ya kwanza havizidi miezi 18 kila kimoja. Mhitimu wa F-1 (viza ya wanafunzi) aliye kwenye OPT, kibali cha muda cha kufanya kazi baada ya masomo, anaweza kujiajiri, mradi kazi iendane na alichosomea. Akiingia nyongeza ya miezi 24 ya STEM, yaani ya waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati, mambo hubana: anahitaji mwajiri wa kumsimamia, wala hawezi kujisainia fomu I-983, ambayo ni mpango wa mafunzo kazini. Mwenye ukazi wa kudumu hana vikwazo hivi.

Kama umeajiriwa, soma kipengele cha uvumbuzi katika mkataba wako. Mara nyingi kinampa mwajiri unachobuni. Sheria ya California hukulinda ukitumia muda na vifaa vyako, na kazi isipogusa biashara yake. Basi usiandike hata mstari mmoja kwenye kompyuta ya ofisi.

Wawekezaji wa mitaji hupendelea kampuni ya aina ya C, inayolipa kodi yake yenyewe, iliyosajiliwa katika jimbo la Delaware. Aina ya S, ambayo kodi yake hulipwa na wanahisa, achana nayo, kwani haimkubali mwanahisa ambaye kikodi si raia wala mkazi. Ukisajili hisa 10,000,000, kama ilivyo desturi, bili ya kodi ya Delaware ya Machi 1 inaweza kusoma dola 85,165. Usiogope. Imehesabiwa kwa idadi ya hisa. Piga hesabu upya kwa njia inayotazama mali za kampuni, na kampuni changa kwa kawaida hushuka hadi dola 400, pamoja na 50 za ripoti.

Kuhusu cheti cha serikali kuu cha biashara za wanawake, WOSB: kinadai asilimia 51 imilikiwe na wanawake raia. Kabla ya uraia, usikitegemee katika mipango yako.

Sasa hisa zako mwenyewe, na hapa tunasisitiza sana. Kwa kawaida hukomaa, yaani huwa zako kabisa hata ukiondoka, ndani ya miaka 4, robo ya kwanza ikikomaa baada ya mwaka. Tuseme umenunua hisa 8,000,000 kwa dola 800. Mwaka ukipita, hisa 2,000,000 zinakomaa, na kila moja sasa ina thamani ya senti 20. Bila tamko la 83(b), yaani ombi la kutozwa kodi siku ya kununua hisa badala ya zinapokomaa, IRS (mamlaka ya kodi ya serikali kuu) huona umepata kipato cha dola 399,800, na wewe mfukoni huna kitu. Ukilituma, kodi hupimwa siku ya kununua, ulipolipa thamani kamili, kwa hiyo ni sifuri.

Tumia fomu 15620. Muda ni siku 30 tangu ukabidhiwe hisa, wikendi zikihesabiwa, na ukichelewa hakuna nyongeza. Ukiituma kwa posta, nenda dirishani, tuma kwa barua iliyosajiliwa, hakikisha risiti imegongwa muhuri wenye tarehe inayosomeka. Nakala moja ipe kampuni, nyingine iweke pamoja na risiti hiyo.