SOMO: Buli la "Kizungu" lililotoka Japani

Kila wiki inaletwa picha moja ya chombo cha udongo, upande wa mbele tu: "Mkuu, hii ya wapi?" Mbele ndiko kunakodanganya. Wajapani waliiga majagi ya mzee mnene ya Uingereza, mbwa wa Staffordshire, vyombo vya buluu vya Delft ya Uholanzi, hata sanamu za watoto za Hummel za Ujerumani. Someni kwanza.

1. Osha kwa maji ya vuguvugu. Usiloweke.

2. Geuza. Tazama ukingo wa kitako usio na glezi (ule utando unaong'aa kama kioo), au palipobanduka. Delft ya kale ni udongo wa manjano au hudhurungi uliofunikwa glezi nyeupe. Ukikuta peupe pe mpaka ndani, si Delft ya kale.

3. Soma muhuri. "Nippon" (Japani kwa Kijapani): 1891 hadi 1921, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ilidai jina la nchi. Mwaka 1921 forodha yao ikakataa neno hilo, kwamba ni Kijapani, ikataka "Japan". "Occupied Japan" ni wakati Japani ilipokaliwa na washindi wa Vita vya Pili vya Dunia, ukaliaji uliokwisha Aprili 1952.

4. Asetoni (dawa ya kuondoa rangi ya kucha). Hapa niliwahi kuharibu. Muhuri wa "Occupied Japan" hutafutwa na wakusanyaji, kwa hiyo kuna wanaougonga juu ya kitu kipya. Wa kweli kwa kawaida umo chini ya glezi. Chovya kijiti cha pamba kwenye asetoni, kikamue, gusa herufi moja ya pembeni, sekunde tano, futa. Wino ukitoka, umeuziwa bandia. Usiguse penginepo! Sanamu nyingi rahisi zilipakwa rangi isiyochomwa tanuruni: mdomo mwekundu na nywele nyeusi huondoka mara moja na havirudi. Kagua pia viungo. Asetoni huyeyusha gundi: mkono wa kikombe uliogundishwa unaweza kukubakia kiganjani.

MASWALI

— Mkuu, hii bei gani? (picha ya mbele, gizani)
Hatua ya 2.

— Yangu haina muhuri. Basi ni kabla ya 1891?
Hapana. Seti nyingine ziligongwa vyombo vichache tu, nyingine zilibandikwa karatasi, nayo imebanduka. Tena sheria ile ilihusu mizigo ya kwenda Marekani, si dunia nzima.

— Umekosea. Kisahani cha mama mkwe kilinunuliwa 1950 na kimeandikwa "Japan" tu.
Sijakosea, soma tena. Nimesema "Occupied" ni ya wakati huo. Sikusema kila kitu cha wakati huo kina "Occupied".

— Samahani mwalimu, nina sahani ya "Nippon" yenye shada la majani ya kijani, ila katikati sioni herufi M. Kuna kitu kama saa ya mchanga.
Umeangalia vizuri, dada. Hiyo M ni ya Morimura, waliokuwa nyuma ya Noritake, kampuni ya vyombo ya Japani. Saa ya mchanga ni alama maarufu ya bandia. Kuna bandia za baadaye zenye M sahihi, kwa hiyo pima kwa mkono pia: bandia mara nyingi ni nzito, na kaure yake (ule udongo mweupe mgumu) ina chembechembe. Tuma picha ya kitako, mchana, bila flashi.

— Nyongeza: mulika tochi kwa ndani. Kaure hupitisha mwanga, udongo wa kawaida haupitishi.
Kweli, ila glezi nene huzuia. Jaribu ukingoni, penye wembamba.

— Madoa ya chai ndani ya buli, nitie jiki?
Usithubutu. Inaingia kwenye nyufa za glezi na kula dhahabu. Magadi ya kuokea na kitambaa laini, ndani tu.