Ctrl+C imegoma kwenye tamino (dirisha la kuandikia amri) ya Linux? Usikimbilie kill -9, ile amri ya kuua programu kwa nguvu

Wakuu, juzi kuna dogo wa Uyole kanipigia usiku na baridi hii ya Mbeya, kaandika skripti ya kuchungulia kama intaneti imerudi, sasa anabonyeza Ctrl+C weee haisimami, mwisho kafunga dirisha zima na kazi ingine aliyokuwa hajasevu ikaenda nayo. Iliniuma kweli, maana ni kitu cha dakika mbili.

Ctrl+C haiui programu. Ukibonyeza, tamino inatuma signali inaitwa SIGINT, namba 2, kwa programu zilizo mbele muda huo, yani ni hodi tu, mwenye nyumba anaweza kuitika akatoka, akamalizia kwanza kufunga mafaili yake, au akanyamaza kabisa. Kwaiyo cha kutafuta ni hodi imepotelea wapi.

Skrini imeganda, ukiandika hamna herufi inayotokea? Jaribu Ctrl+Q kwanza. Wengi tumezoea Ctrl+S ya kusevu, ila kwenye tamino hiyo inazuia maandishi yasitoke.

Bado? Andika stty -a utafute intr = ^C. Ukikuta imeandikwa undef, au isig (swichi ya kuruhusu signali) ina kistari mbele, tamino yenyewe haitumi kitu, andika stty sane piga enter, hata kama huoni unachoandika we andika tu. Halafu andika trap peke yake, ikitokea trap -- '' SIGINT ujue shell, yani programu inayopokea amri zako, imeambiwa isiitikie na kila programu utakayoiwasha humo inarithi, rudisha kwa trap - INT.

Sasa ya yule dogo, na hii ndo inasumbua watu wengi. Alikuwa na mzunguko wa while unaoita kila mara ping -c 5, amri ya kupima kama mtandao unajibu. Ukibonyeza Ctrl+C, ping inaipokea vizuri, inatoa hesabu zake na kutoka salama kama imemaliza kazi, bash (shell inayoendesha skripti) ikiona mwenzake katoka kwa amani inadhani hamna shida, inaendelea na mzunguko, ping mpya inaanza. Dawa ni mstari mmoja juu ya skripti:

trap 'exit 130' INT

Hiyo 130 ni 128 jumlisha 2 ya SIGINT, ndo kawaida ya shell. Na kama skripti inakimbia tayari, bonyeza Ctrl+Z, andika jobs uone namba yake, kisha kill %1 kama ni ya kwanza.

kill -9 iwe ya mwisho kabisa, tafadhali. Haipigi hodi, programu haipati nafasi ya kusafisha, faili linabaki nusu. Na kuna mahali hata yenyewe inagonga mwamba, ukiandika ps aux (orodha ya programu zinazokimbia) ukaona herufi D kwenye safu ya STAT, programu inasubiri diski au flashi bovu, hapo shughulikia flashi.

Dogo kaweka ule mstari, kawasha, kabonyeza mara moja, ikasimama tukiwa bado kwenye simu.