Kubishania mabingwa wa zamani wa spidiwei: kaye, penseli na pointi 120

Ubishi wa spidiwei, zile mbio za pikipiki za kuzunguka uwanja, kwenye parkingi za moto hapa Goma huharibikia mahali pamoja. Mmoja anahesabu mataji, wa pili anaikumbuka kona moja aliyoiona kwenye simu, wa tatu anasifu injini, na wote wanadhani wanazungumza jambo lilelile. Giza linaingia, kila mtu anarudi kwake na jina alilokuja nalo.

Ili ubishi uzae kitu, tafuteni kaye moja, rula na penseli. Biki iacheni mfukoni, kwa sababu mtafuta mara nyingi. Wekeni pia mega za kutosha kutazama kama dakika kumi za filamu ya zamani. Watu wanne wanatosha. Wakizidi sita, mmoja ashike kaye na asibishane kabisa. Mwandishi mwenye upande wake huandika kile anachotaka kusikia.

Jicho la motari linavyodanganyika

Mbio moja ya spidiwei ina waendeshaji wanne na mizunguko minne, kwa kawaida chini ya mita 400 kwa mzunguko, na kona zote ni za kushoto. Moto ina silinda moja ya cc 500, inakunywa metanoli badala ya esansi, ina vitesi moja na haina freni hata moja. Sheria ya leo inataka isipungue kilo 77. Mguu wa kushoto unavishwa kiatu cha chuma, nao unaburuzwa chini kwenye kona.

Motari aliyezoea barabara ya Sake anaona gurudumu la nyuma limetoka nje, la mbele limegeukia kulia wakati moto inakwenda kushoto, na anapiga kelele: "Anaanguka!" Haanguki. Kuteleza ndiyo freni yake na ndiyo usukani wake. Hatari iko upande wa pili: tairi la nyuma likikuta mahali penye mshiko ghafla, moto inanyooka, gurudumu la mbele linainuka, na inamtupa mtu moja kwa moja kwenye uzio. Kwa hiyo shabiki akikwambia fulani "aliteleza akaanguka", muulize kwanza: iliteleza, au ilishika? Jibu litakuonyesha kama aliona mwenyewe au alisimuliwa. (Wala msiende kujaribu hayo kwenye changarawe ya volkano na moto ya abiria. Tairi lake halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na gari linalokuja mbele halijui kwamba mnafanya mazoezi.)

Kuchora jedwali la fainali

Fainali ya dunia ya mtindo wa zamani karibu kila mara ina umbo moja, na ukilishika hilo, uongo mwingi unajifia wenyewe. Waendeshaji 16, mbio 20. Kila mmoja anakimbia mara 5, na katika hizo mara 5 anakutana na kila mpinzani mara moja tu. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne 0. Usiku usio na doa ni pointi 15.

Chora mistari 16 ya majina na safu 5 za mbio, kisha safu ya sita ya jumla. Ukimaliza kujaza, jumlisha safu ya sita yote. Lazima upate 120, maana mbio 20 zinagawa pointi 6 kila moja. Ukipata 123, kuna mtu umempa ushindi mara mbili. Ukipata 119 au 118, usikimbilie kufuta: mbio iliyomaliziwa na watu wawili tu inagawa 5, na iliyomaliziwa na mmoja inagawa 3. Watatu wakimaliza hakuna kinachopotea, kwa kuwa wa nne hakuwa na kitu. Kwa hiyo jumla ikipungua, tafuta mbio iliyoangusha wawili. Ikizidi, kosa ni la kwenu.

Jedwali hili linafuta na ile hoja ya "yeye alipewa geti nzuri kila mara". Mageti, yaani nafasi za kuanzia, ni manne, la 1 likiwa la ndani kabisa, na ratiba inayazungusha. Mwenye mbio 5 anapitia mageti yote, na moja tu analirudia.

Mtego mmoja wa kukumbuka: fainali ya kwanza ya dunia, Wembley, 1936. Ukiijaza kwa pointi za usiku ule peke yake utamvika taji Bluey Wilkinson wa Australia, ambaye hakushindwa mbio hata moja. Lakini wakati ule waendeshaji walikuja na pointi za bonasi walizochuma katika mashindano ya awali. Zikiongezwa, Lionel Van Praag na Eric Langton wanamaliza sawa juu yake, na Van Praag anashinda mbio ya kuamua. Wilkinson alilipata taji lake 1938. Mashabiki wa upande wake bado wanalia, na kwa kweli wana hoja.

Mbio ya kuamua iandikwe nje ya jedwali, pembeni, isiharibu ile 120. Chorzów, Poland, 1973: Jerzy Szczakiel na Ivan Mauger wa New Zealand wote pointi 13. Katika mbio ya kuamua Mauger akaanguka, na Szczakiel akawa Mpoland wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Anayesema Szczakiel "alibahatika" mwonyeshe zile 13 kwanza. Mbio moja inaweza kuwa bahati, lakini zilizomfikisha pale zilikuwa tano.

Kuuliza aliyeona

Ukipata shabiki mzee wa Uingereza, Poland au Denmark wa kuongea naye kwa sauti za WhatsApp, usianze na "nani alikuwa bora?" Atakupa jina la ujana wake, na mazungumzo yataishia hapo. Anza na mwili wake: Mzee, ulisimama kona gani? Mvua ilinyesha? Vumbi lilikufikia? Harufu ilikuwaje? Injini za zamani zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, na moshi wake ndio wanaoukumbuka kuliko pointi. Mtu anayeanza kueleza harufu mwachie aendelee. Mambo mengine yatafuata yenyewe.

Kila kumbukumbu ipate mstari wake kwenye kaye, na safu saba: jina, uwanja, mwaka, mbio ya ngapi, nani wengine walikuwemo, kilichotokea, na nani alisema. Safu zikibaki tupu zaidi ya tatu, kumbukumbu hiyo msiitupe. Iwekeni ukurasa wa nyuma. Mara nyingi mtu mwingine anakuja na nusu iliyobaki.

Kisha kagueni majina, kwa kuwa hapo ndipo kumbukumbu nyingi zinapovunjika:

- "Peter wa Belle Vue" ni watu wawili. Peter Craven, bingwa wa 1955 na 1962, alikufa 1963 baada ya ajali uwanjani Edinburgh. Peter Collins ni bingwa wa 1976. Wote Waingereza, wote wa timu ileile ya Manchester.
- Pedersen wa Denmark: Jan O. ni 1991. Nicki ni 2003, 2007 na 2008.
- Jason wa Australia: Crump alishinda 2004, 2006 na 2009. Doyle ni 2017.
- Milne wa Marekani: mwaka 1937 Jack alikuwa wa kwanza na ndugu yake Cordy wa tatu, katikati yao Wilbur Lamoreaux. Mtu akisema "Milne alikuwa kwenye jukwaa" hajasema kitu.

Kutazama filamu ya zamani

Tazama kila mbio mara tatu. Mara ya kwanza acha iende. Ya pili, fuata mtu mmoja tu tangu kamba ya kuanzia inaporuka mpaka kona ya kwanza, kwa sababu pale ndipo mbio nyingi zinapoamuliwa. Ya tatu, zima sauti. Mtangazaji ana kipenzi chake, na sauti yake inakuonyesha mambo ambayo hayapo.

Rangi za kaske zinatenganisha wanne wa mbio moja, lakini zinabadilika kutoka mbio hadi mbio. Aliyevaa nyekundu mbio ya 3 anaweza kuwa na njano mbio ya 9, hivyo usimfuate mtu kwa rangi usiku mzima. Filamu isiyo na rangi ni mbaya zaidi: nyeupe inaonekana, ila nyekundu na bluu zote zinakuwa giza moja. Mfuate mtu kwa namna anavyokaa. Jinsi anavyoinamisha bega na anavyonyoosha mguu wa kushoto ni kama saini, na haibadiliki kwa miaka.

Injini nayo inakusaidia kukisia mwaka ambao hamna. Silinda iliyosimama wima ni enzi ya zamani. Iliyolazwa ilienea miaka ya 1990. Kwa majina ya watengenezaji, JAP ilitawala kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Jawa ikaichukua nafasi yake, na Weslake yenye vali nne iliingia katikati ya miaka ya 1970. Mtu akikuonyesha picha ya injini iliyolazwa akasema ni Ove Fundin wa Sweden siku za mataji yake (enzi ya silinda wima), rudisha simu yake kwa upole.

Mataji ya aina mbili

Mpaka 1994 bingwa wa dunia alipatikana kwenye fainali, karibu kila mara ya usiku mmoja. Mnyororo ukikatika usiku ule, mwaka mzima umekwisha. Tangu 1995 ni mfululizo wa mashindano ya Grand Prix, na pointi zinajumlishwa. Gawa ukurasa katikati, kushoto kabla ya 1995, kulia kuanzia 1995, halafu andika.

Mauger wa New Zealand: sita, zote kushoto (1968, 1969, 1970, 1972, 1977, 1979). Tony Rickardsson wa Sweden: sita, moja kushoto (1994, tena kwa mbio ya kuamua) na tano kulia. Fundin wa Sweden: tano, zote kushoto. Hans Nielsen wa Denmark ndiye daraja: tatu kushoto, kisha ile ya kwanza kabisa ya kulia, 1995. Bartosz Zmarzlik wa Poland yuko kulia peke yake, na alifikisha sita mwaka 2025. Mwachieni nafasi kwenye mstari, bado anakimbia.

Msiseme upande mmoja ni mgumu kuliko mwingine. Zinapima vitu tofauti. Kushoto inapima mtu ambaye hakosei usiku mmoja, na kulia inapima asiyechoka msimu mzima. Mark Loram anaonyesha hilo vizuri: alikuwa bingwa wa 2000 bila kushinda hata Grand Prix moja ya mwaka ule. Kwa hesabu ya kushoto hayupo kabisa. Sisi tunaona taji lake ni halali tupu. Wasiopenda waeleze ni pointi zipi zifutwe.

Kwa wale ambao hawakuwa mabingwa tumieni wastani wa ligi ya Uingereza: pointi jumlisha bonasi, gawa kwa idadi ya mbio, zidisha kwa 4. Bonasi hupewa anayemaliza nyuma ya mwenzake wa timu na mbele ya mpinzani. Pointi 11 na bonasi 1 kwa mbio 5: 12 gawa 5 ni 2.4, mara 4 ni 9.60. Kikomo ni 12.00. Kosa la kawaida ni kusahau bonasi, na anayeumia ni yule aliyemlinda mwenzake. Kosa la pili ni kulinganisha 12.00 ya mbio tatu na 9.60 ya msimu mzima, kwa hiyo idadi ya mbio iandikwe kando ya wastani kila mara.

Kesi isiyofungwa

Jaribuni njia yote kwa mbio ya 14 ya fainali ya 1982, Los Angeles. Bruce Penhall wa Marekani na Kenny Carter wa Uingereza wanagombania kona, Carter anaishia chini, mwamuzi anamtoa Carter na mbio inarudiwa bila yeye. Penhall anakuwa bingwa kwa mara ya pili na kutangaza kustaafu palepale.

Sheria inamtaka mwamuzi amtoe aliyesababisha mbio kusimamishwa. Kwa hiyo kwenye filamu msitafute nani alianguka. Tafuteni mambo matatu: gurudumu la mbele la nani lilikuwa mbele wakati wa kuingia kona, kama aliye ndani alimwachia wa nje nafasi ya moto moja kufika uzio, na kama waligusana kabla au baada ya moto ya Carter kupoteza mwelekeo. Kila mtu aandike majibu yake matatu kwenye kipande chake cha karatasi kabla mtu hajafungua mdomo, halafu mfungue pamoja. Mkipata wawili kwa wawili, andikeni hivyohivyo, kwa penseli, na tarehe ya leo.